Pumu ya mtoto na hewa ya ndani: soma dalili, fuata chanzo

Kabla ya kununua mashine yoyote ya kusafisha hewa, jua mambo mawili: kifua cha mtoto kinabana saa ngapi, na alikuwa chumba gani. Kikohozi cha saa tisa usiku na kikohozi cha saa moja jioni wakati wa kupika mara nyingi vina vyanzo tofauti, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Chukua daftari, chora safu nne: saa, chumba, kilichokuwa kinaendelea (kufagia, kupika, kupuliza dawa ya wadudu, mvua), na kama pampu ya kutuliza (ya dawa ya kuvuta inayofungua kifua haraka) ilitumika. Andika kwa wiki mbili. Kisha tafuta hapa chini dalili inayofanana na ya mtoto wako. Chini ya kila dalili, chanzo kinachoonekana mara nyingi ndicho kinachotangulia. Shughulikia jambo moja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia. Moshi peke yake hauhitaji majaribio: uondoe leo leo.

## Hapa acha kutafuta chanzo, nenda hospitali

Ukiona mojawapo ya haya, ni dharura:

- Ngozi inabonyea kati ya mbavu au chini ya koo kila anapovuta pumzi.
- Hawezi kumaliza sentensi, au mtoto mdogo ameshindwa kunyonya.
- Midomo au kucha zimekuwa za buluu au kijivu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, angalia ulimi na fizi.
- Amelegea au anasinzia isivyo kawaida.
- Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza huku bado anahema kwa shida. Huko si kupona, ni hewa kutopita.
- Dawa ya kutuliza haileti nafuu, au nafuu yake haidumu kwa muda wa saa nne.

Mkalishe wima, legeza nguo, mpe dawa ya kutuliza kwa spesa (chombo cha plastiki kinachounganisha pampu na mdomo) kama mpango aliopewa na daktari unavyosema: pulizo moja, subiri nusu dakika hadi dakika moja, kisha lingine, kwa kawaida hadi 10, huku safari ya hospitali imeshaanza. Usimfunike blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto. Mvuke hautibu pumu, na watoto wengi wameungua hivyo.

## Kabla ya kuilaumu hewa, kagua pampu

Hili huchukua dakika tano na huokoa wiki za kuhangaika. Pampu nyingi za kutuliza zina mapulizo 200. Dawa ikiisha, pampu huendelea kutoa gesi kwa sauti ileile, kwa hiyo kuitikisa hakukuambii kitu. Soma kihesabio, au kama hakipo, hesabu tangu siku ulipoifungua.

Spesa ioshwe mara moja kwa mwezi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na dawa hunata ukutani mwake badala ya kwenda mapafuni. Barakoa yake ikae usoni bila mwanya. Mwisho, uliza kama dawa ya kuzuia inatumika kila siku, hata siku ambazo mtoto ni mzima. Usafi wa nyumba haujazi nafasi ya dawa hiyo, na dozi haipunguzwi bila daktari.

## Anakohoa usiku, au anaamka asubuhi akipiga chafya na kifua kimebana

Chanzo cha kwanza: utitiri wa vumbi kitandani. Ni mdudu mdogo kiasi cha theluthi moja ya milimita, asiyeonekana kwa macho. Hang'ati. Kinachomsumbua mtoto ni kinyesi chake na mabaki yake, ambavyo hurushwa hewani kila mtoto anapojigeuza juu ya godoro. Hula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na maji hayanywi bali huyavuta kutoka kwenye hewa. Ndiyo maana unyevu hewani ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hukauka na kufa, na ukifika 70 hustawi.

Ukaguzi rahisi: je, akilala kwingine ana nafuu? Je, dalili huzidi siku blanketi la kabatini linapotolewa, au akirukaruka kitandani? Basi anzia hapa.

Kazi yenyewe inakwenda kwa mpangilio huu, na mpangilio ni muhimu, kwa sababu kufua shuka na kulirudisha juu ya godoro lisilofunikwa ni kazi bure.

1. Funika godoro na mto kwa kava linalozunguka pande zote na kufungwa kwa zipu. Kava la kitambaa liwe lililofumwa kwa matundu yasiyozidi mikromita 10. La plastiki pia huzuia, ila hutoa jasho. Karatasi ya plastiki iliyolegea isiwekwe kamwe kwenye kitanda cha mtoto mdogo: inaweza kumziba pumzi.
2. Fua shuka, foronya na blanketi kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi. Maji baridi huondoa sehemu kubwa ya uchafu wa utitiri lakini hayamuui. Kama huna mashine ya maji ya moto, changanya kwenye ndoo sehemu mbili za maji yanayochemka na moja ya maji ya kawaida. Utapata nyuzi 75 hivi, na nguo zikiingia joto hushuka kukaribia 60. Zamisha kwa mti, si kwa mkono, funika dakika 20 au zaidi, na mtoto asisogee karibu.
3. Wanasesere wa manyoya wabaki mmoja au wawili. Asiyefulika kwa maji ya moto afungwe kwenye mfuko na kulazwa kwenye friza saa 24, kisha afuliwe. Baridi huua utitiri lakini haiondoi kinyesi, kwa hiyo friza bila kufua ni nusu ya kazi.
4. Kwenye kitanda cha ghorofa, mtoto mwenye pumu alale juu kama umri unaruhusu. Anayelala chini hupokea vumbi la godoro la mwenzake usiku kucha. Kama ni mdogo mno kulala juu, godoro la juu nalo livishwe kava.
5. Ondoa zulia chumbani. Mapazia mazito yafuate.

Kuanika godoro juani kunasaidia kulikausha, lakini joto halifiki katikati yake, na kilichokufa hubaki humohumo. Kwa hiyo jua ni nyongeza ya kava, si mbadala wake.

Chandarua nacho hubeba vumbi, ila chenye dawa kina masharti yake: kisifuliwe zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, kwa maji baridi na sabuni laini bila klorini, na kianikwe kivulini kwa sababu jua huharibu dawa. Kikiwa kipya, kitundike kivulini saa 24 kwanza ili harufu ipungue.

Chanzo cha pili: kitu kinachochomwa au kupulizwa chumbani kabla ya kulala. Tazama sehemu ya jioni hapa chini.

Chanzo cha tatu: mnyama anayelala chumbani. Paka akitolewa leo, vizio vyake (vitu vinavyoleta mzio) hukaa kwenye godoro, zulia na kuta kwa miezi. Familia nyingi hukata tamaa wiki ya pili na kusema paka hakuwa tatizo. Mtoe chumbani kabisa, fua kila kitambaa, na pima matokeo kwa miezi, si siku.

Hata ukiwa umepata chanzo, mtoto anayeamka usiku kwa sababu ya pumu anahitaji kuonwa na daktari, kwa kuwa hiyo ni alama kwamba ugonjwa haujadhibitiwa.

## Anaanza kukohoa wakati wa kupika

Kuni, mkaa au mafuta ya taa ndani ya nyumba ndiyo sababu ya kwanza, na hakuna dirisha dogo linalotosha kuufuta moshi huo. Angalia dari: masizi juu ya jiko yanakuonyesha moshi unakokwenda. Kisha angalia mtoto anakaa wapi. Aliyebebwa mgongoni mbele ya jiko yuko kwenye hewa mbaya kuliko zote nyumbani, hata kama mpishi mwenyewe haoni shida.

Anza na yasiyo na gharama. Mtoto aondoke jikoni mpaka moto uzimike. Mlango wa jikoni kuelekea vyumbani ufungwe, wa nje ufunguliwe. Kuni ziwe kavu na zimepasuliwa nyembamba, kwa kuwa moto hutumia nguvu kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni mbichi na matokeo yake ni moshi mwingi. Jiko linalohamishika lipelekwe nje, lakini si chini ya dirisha la chumba cha kulala. Marekebisho makubwa zaidi ni bomba la moshi linalopita juu ya paa, au kubadili nishati kabisa. Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu kubwa kwa ajili ya mapafu ya mtoto, fanya hilo la kubadili nishati, si mashine ya hewa.

Mkaa una hatari yake ya pekee. Hautoi moshi mwingi, kwa hiyo watu huuamini, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala hata kwa dakika chache za kuota moto. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje wote mara moja, msirudi kuchukua vitu, na tafuteni msaada wa dharura.

Jiko la gesi ni chanzo cha pili. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui vizuri: safisha matundu ya kichomeo, na usipobadilika ita fundi. Hata mwali mzuri hutoa naitrojeni dioksidi inayowasha mirija ya hewa, kwa hiyo dirisha na feni vinahitajika bado. Kama kuna feni ya kutolea hewa, iwashe kabla ya kuwasha jiko na iache dakika 15 baada ya kuzima, na pikia vichomeo vya nyuma. Kuipima, weka kipande cha karatasi laini kwenye wavu wake: kikinata, inavuta, kikianguka, imeziba mafuta au haina njia. Kagua pia kama bomba lake linatoka nje kweli. Zipo zinazochuja mafuta tu na kuirudisha hewa ileile jikoni.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Fungua milango, funga valvu ya mtungi kama unaifikia kwa usalama, toka, na ita fundi wa gesi.

Mafuta ya kukaangia yanayotoa moshi ni ya tatu. Punguza moto.

## Dalili huanza jioni, watu wakiwa sebuleni

Dawa ya mbu ya kuchoma inaongoza. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba koili moja ikiungua mpaka mwisho inaweza kutoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 au zaidi. Acha koili, tegemea chandarua chenye dawa na wavu wa madirishani. Dawa ya kupuliza chumbani si mbadala mzuri kwa mtoto huyu. Ikibidi, ipulizwe akiwa hayupo, na chumba kipitishe hewa vizuri kabla hajarudi.

Sigara inafuata. Kuvutia dirishani, bafuni au chumba kingine hakusaidii, moshi unapita chini ya mlango na kubaki kwenye mapazia na makochi. Mvutaji atoke nje kabisa, abadili shati kabla ya kumpakata mtoto. Ubani, udi, mishumaa yenye manukato na kibatari vyote vinatoa moshi, hata kama harufu ya vingine inapendeza.

Kama kwako hakuna kinachochomwa na bado dalili zinakuja saa ileile, nusa nje. Jirani anayechoma taka kila jioni hujaza nyumba yako kupitia madirisha. Funga kwa saa hizo, fungua moshi ukishapita.

## Chumba kina harufu ya uvundo, ukuta una madoa meusi au ya kijani

Huo ni ukungu, na ukungu ni maji yaliyopotea njia. Kuusugua bila kutafuta maji ni kuupa likizo ya wiki chache.

Yanayosababisha, kwa mfuatano wa kawaida: hewa yenye mvuke isiyotoka (kuoga, kupika, kuanika nguo ndani), kisha bomba au paa linalovuja, kisha unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia msingi. Kutofautisha, kausha sehemu ya ukuta, bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 30 kwa 30 kwa gundi ya mkanda pande zote nne, na iache siku mbili. Matone yakiwa juu ya plastiki, mvuke wa chumba ndio tatizo. Yakiwa nyuma yake, maji yanatoka ndani ya ukuta.

Mvuke hutibiwa kwa hewa: fungua madirisha yanayotazamana, anika nje, sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukuta wa nje. Haigromita ndogo (kipima unyevu wa hewa) itakuonyesha kama umefika kati ya asilimia 30 na 50. Ikisoma juu ya 60 siku zote, unyevu bado unaingia. Mashine ya kuongeza unyevu haina kazi kwenye nyumba hii.

Kusafisha doa lisilozidi mita moja ya mraba: mtoto atoke, vaa glavu na barakoa ya N95 (inayochuja chembe ndogo), sugua kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Dari au kitambaa kilichooza huondolewa, hakisafishwi. Usipake rangi juu ya ukungu, itabambuka. Usichanganye klorini na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi: gesi inayotoka inaweza kumpeleka hospitali hata mtu asiye na pumu.

Ita mtaalamu kama eneo ni kubwa kuliko hapo, kama maji yalikuwa ya mafuriko au maji taka, kama plastiki ilionyesha maji ya ndani ya ukuta, au kama maji yako karibu na nyaya za umeme.

## Anabanwa kila siku ya usafi

Mara nyingi ni ufagio. Kufagia kwa ukavu hurusha vumbi lililokuwa limetulia, na chembe ndogo hukaa hewani muda mrefu baada ya sakafu kuonekana safi. Futa juu kwenda chini kwa kitambaa kibichi: panga za feni, juu ya kabati, kingo za madirisha, kisha deki. Mtoto akae nje wakati wa kazi na kwa nusu saa hivi baadaye. Mashine ya kufyonza vumbi isiyo na kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe ndogo sana) hutoa kwa nyuma chembe ndogo ilizovuta kwa mbele.

Kama dalili huja hata bila vumbi, shuku dawa zenyewe, hasa zile za kupuliza. Mimina kwenye kitambaa badala ya kupuliza hewani, au tumia sabuni ya kawaida isiyo na manukato.

Kuna pia mende. Mate na kinyesi chao ni vizio vikali, na kufagia nyuma ya friji huvirusha hewani. Weka matone madogo ya jeli ya sumu kwenye nyufa, bawaba za makabati na chini ya sinki, mahali ambapo mtoto hafiki. Usipulize dawa karibu na jeli, mende wataikwepa. Ziba mwanya wa mabomba, rekebisha sinki linalodondosha, na takataka zisilale ndani.

## Kiyoyozi au feni ikiwashwa, kikohozi kinaanza

Toa kichujio cha kiyoyozi, kioshe kwa maji, kikauke kivulini, rudisha. Rudia kila wiki mbili hadi nne wakati kinatumika sana. Harufu ya soksi mbichi baada ya hapo ina maana ukungu uko ndani kwenye koili (mirija inayopoza hewa) au bomba la kutolea maji limeziba, na hiyo ni kazi ya fundi, umeme ukiwa umezimwa. Feni ya kawaida ifutwe panga, na isimpulize mtoto usoni.

## Rangi mpya, samani mpya

Mtoto alale chumba kingine mpaka harufu iishe, madirisha yakiwa wazi. Mbao za kubandikwa kwa gundi huendelea kutoa mvuke kwa wiki nyingi.

## Mashine ya kusafisha hewa ipo, nafuu hakuna

Mara nyingi ni ndogo kuliko chumba. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha zidisha kwa 5. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha 2.5 kina mita za ujazo 30, kwa hiyo tafuta mashine inayosafisha mita za ujazo 150 kwa saa, na si kwa kasi ya juu kabisa ambayo utaizima usiku kwa sababu ya kelele. Iwe na kichujio cha HEPA halisi, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Usinunue inayotoa ozoni kwa makusudi, ozoni yenyewe huwasha mapafu.

Kosa lingine ni kuiweka sebuleni wakati mtoto anatumia saa tisa chumbani, au kuacha mlango wazi. Na hata mashine nzuri haifyonzi utitiri uliomo godoroni, wala haizuii gesi ya jikoni isipokuwa ina mkaa maalumu wa kuchujia.

## Umefanya haya yote na bado anakohoa

Rudi kwa daktari ukiwa na daftari, pampu na spesa, umwonyeshe mtoto anavyovuta dawa. Omba kipimo cha mzio cha ngozi au cha damu kabla ya kugharamia mabadiliko mengine, maana mtoto asiye na mzio wa utitiri hatanufaika na kava la godoro.

Si kila kikohozi ni pumu. Filimbi iliyoanza ghafla mtoto akila karanga au akicheza na kitu kidogo, hasa ikisikika upande mmoja wa kifua, huenda ni kitu kilichoingia njia ya hewa: nenda hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili pamoja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito kipimwe kifua kikuu.